Ndoo Tuliyompokonya Mama: mwongozo kamili wa mazoezi ya nguvu kwa mwanamke aliyevuka miaka 60

Mama mkubwa alipotoka eda, baada ya miezi minne na siku kumi, hakuweza kuinuka kwenye mkeka. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa amekaa. Maji ya kuoga walimchotea wajukuu, chai aliletewa, mto wa kuegemea alisogezewa. Akigusa ufagio, watu watatu wanamnyang'anya: "Kaa mama, pumzika, umeshafanya kazi ya kutosha." Ilikuwa heshima, naye aliipokea kama heshima. Lakini alipoanza kutoka, ilibidi asali kwenye kiti cha plastiki kwa sababu akisujudu hainuki, na haukupita mwezi akaanza kusema neno ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake: "Mimi sasa nimekuwa mzigo."

Neno lile liliniuma. Niliyoyaandika hapa yametoka katika mwaka na nusu tuliokaa naye ua wa nyuma, Tanga, pamoja na majirani zake wanne, viti vya plastiki na vidumu vya maji. Nimemwandikia mama mwenye miaka 60 na kuendelea, na mwanawe atakayemsomea. Ninachoamini ni kwamba nguvu za mwili na utulivu wa moyo wa mwanamke mzima vinalala chumba kimoja. Tukimpokonya ndoo kwa mapenzi, tunampokonya pia kile kinachomthibitishia kila siku kwamba bado anaweza.

Kwa nini nguvu, na si kutembea tu

Kutembea ni kuzuri, wala sikuambii uache. Ila kutembea hakumfundishi mtu kuinuka kutoka chini, na hakumpi nguvu ya kujishikilia akiteleza bafuni. Mwanamke akishakoma hedhi, homoni ya estrojeni hushuka, mifupa huanza kuwa myepesi na misuli hupungua mwaka hadi mwaka. Kupungua huko kwa misuli wataalamu wanakuita sakopenia. Kukaa tu ndiko kunakoharakisha. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wazee 12 wenye afya njema waliolazwa kitandani siku 10 bila ugonjwa wowote: kila mmoja kwa wastani alipoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguuni. Siku 10 tu. Piga hesabu ya miezi minne.

Habari njema ni kwamba misuli haijui umri kiasi tunachodhani. Mwaka 1990, huko Boston, daktari Maria Fiatarone na wenzake waliwapa mazoezi ya uzito ya miguu wazee 10 wa makao ya kutunzia wazee, wenye umri wa karibu miaka 90. Baada ya wiki 8 nguvu za miguu yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Kwa hiyo mama wa miaka 68 akikwambia "mimi nimeshachelewa", mwambie hajachelewa.

Na moyo je? Mwaka 2018 jarida la JAMA Psychiatry lilitoa uchambuzi wa majaribio 33 yenye watu 1,877, ukaonyesha kwamba mazoezi ya nguvu hupunguza dalili za sonona, yaani huzuni nzito iliyogeuka ugonjwa. Lililonigusa zaidi ni kwamba nafuu ya moyo ilikuja hata kwa wale ambao nguvu zao hazikuongezeka sana. Maana yake huna haja ya kusubiri misuli ionekane ndipo uanze kupata ahueni. Utafiti mwingine wa Australia wa mwaka 2005 uliwachukua watu 60 wenye sonona waliovuka miaka 60. Walionyanyua uzito mkubwa, asilimia 61 walipungukiwa na dalili kwa nusu au zaidi. Walionyanyua uzito mwepesi, asilimia 29. Waliobaki na matibabu ya kawaida ya daktari wao, asilimia 21. Ndiyo maana katika ua wetu hakuna anayeruhusiwa kubaki na kichupa cha nusu lita mwaka mzima.

Mtu ataniuliza: mbona bibi zetu vijijini wanabeba kuni na maji hadi uzeeni, na bado migongo inawauma na nyuso zimejaa huzuni? Swali la haki. Kazi ile haina mapumziko, uzito wake hauchagui mbebaji, upande mmoja wa mwili unachoka kuliko mwingine, na hakuna chakula cha kutosha kurudisha nguvu zilizopotea. Mazoezi ni kinyume chake: uzito unauchagua wewe, unauongeza wewe, na kesho yake unapumzika. Mama anayelima kutwa hahitaji kuongezewa mzigo. Anahitaji kupunguziwa kuni, halafu afanye zoezi la kiti na la kusimama mguu mmoja, basi.

Hatua ya kwanza: pitia zahanati

Pima presha na sukari kabla ya siku ya kwanza. Presha ikiwa imefika 180 ya juu au 110 ya chini, usianze hadi ishushwe kwa dawa. Anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari apime kabla ya mazoezi. Ikiwa chini ya 5 (au 90 kwa mashine zinazosoma miligramu), ale kwanza ndizi au chai yenye sukari. Aliyepasuliwa karibuni, mwenye maumivu ya kifua, anayezirai, au aliyewahi kuvunjika pingili ya mgongo, aende kwa daktari au mtaalamu wa fiziotherapia kwanza, maana zoezi la kuinama huenda likahitaji kubadilishwa.

Mhudumu mmoja alimwambia mama mkubwa: "Wewe kwa umri huu usinyanyue kitu chochote tena." Tulitii wiki tatu, na wiki hizo tatu ndizo zilizokuwa mbaya kuliko zote. Ukiambiwa hivyo, uliza kwa adabu: nisinyanyue nini, kwa sababu gani, na hadi lini? Presha iliyodhibitiwa, sukari iliyodhibitiwa na magoti yanayouma si sababu za kukaa. Mara nyingi ndizo sababu za kuanza.

Hatua ya pili: pima mwili, pima na moyo

Chukua daftari. Siku ya kwanza hamfanyi mazoezi, mnapima tu.

Kipimo cha mwili ni kiti. Kiegemeze ukutani kisiteleze. Mama akae, avuke mikono kifuani, ainuke wima na kukaa tena, mara nyingi awezavyo kwa sekunde 30, mwingine akiangalia saa. Mwanamke wa miaka 60 hadi 64 akipata chini ya 12, miguu iko chini ya wastani wa umri wake. Miaka 65 hadi 69 ni chini ya 11, miaka 70 hadi 79 ni chini ya 10, miaka 80 hadi 84 ni chini ya 9. Akilazimika kushika kiti au magoti, andika sifuri bila kumwonea haya. Mama mkubwa aliandika sifuri. Kisha, karibu na ukuta, asimame unyayo mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Asiyefika sekunde 10 yuko katika hatari zaidi ya kuanguka, na huyo asifanye zoezi lolote la kusimama bila kitu cha kushika karibu.

Kipimo cha moyo watu wengi hukiruka, mimi nakusihi usikiruke. Shirika la Afya Duniani lina maswali matano mafupi kuhusu wiki mbili zilizopita: nimekuwa mchangamfu na mwenye furaha, nimejisikia mtulivu, nimejisikia mwenye nguvu, nimeamka nikiwa nimepumzika, siku zangu zimejaa mambo yanayonivutia. Kila moja lina alama kuanzia 0, yaani hata mara moja haikutokea, hadi 5, yaani muda wote. Jumla ni 25. Ikiwa chini ya 13, mazoezi yaanze, lakini na mhudumu wa afya aambiwe pia. Waulize maswali hayo mkiwa wawili tu, si mbele ya watu. Mama wa kwetu hukwambia "namshukuru Mungu" kwa kila swali mpaka aone umekaa kitako na huna haraka.

Hatua ya tatu: vifaa

Jimu si lazima. Unahitaji kiti kigumu kisicho na magurudumu, ukuta, kigoda au stuli, vidumu viwili vya lita 5 vyenye mshikio, na kalamu ya wino mzito. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo kidumu ni mzani wenyewe. Kidumu kikijaa nusu, maji huyumba na kuvuta kiganja. Anayesumbuliwa na viungo vya vidole ajaze mchanga mkavu, ila akumbuke lita ya mchanga ni kama kilo moja na nusu. Viatu viwe vya kufunga au uwe pekupeku. Ndala hazifai kabisa, na kanga ndefu inayoburuta nayo ipandishwe na kufungwa vizuri.

Hatua ya nne: mazoezi yenyewe

Mara mbili kwa wiki, siku zisifuatane. Sisi ni Jumatatu na Alhamisi baada ya alasiri, jua likishapungua makali. Anza kwa dakika tano za kutembeatembea uani na kuzungusha mabega. Kila zoezi ni mara 8 hadi 12, pumzika dakika moja au mbili, urudie. Wiki mbili za kwanza raundi mbili zinatosha, baadaye tatu.

*Kuinuka kwenye kiti.* Kama utafanya zoezi moja tu maishani, lifanye hili. Kaa nusu ya mbele ya kiti. Vuta nyayo nyuma kidogo ziwe chini ya magoti, upana wa nyonga. Inama mbele mpaka pua ivuke vidole vya miguu. Hapo ndipo wengi wanapokosea, wanataka kuinuka wakiwa wima kama mtu aliyeitwa ghafla, na magoti yanabeba yote. Sukuma ardhi kwa nyayo nzima, inuka, simama wima kabisa. Kisha, na hii ndiyo dawa yenyewe, shuka taratibu ukihesabu moja, mbili, tatu. Usijitupe. Kushuka polepole ndiko kunakofundisha mapaja kuzuia anguko. Asiyeweza, aweke mito miwili juu ya kiti ili kiwe kirefu na asukume mapaja kwa mikono. Baada ya wiki mbili ondoa mto mmoja. Mama mkubwa alianza na mito miwili na blanketi. Siku ya mto wa mwisho kuondoka aliinuka, akasimama, akatuangalia wote, akakaa tena, akainuka mara ya pili bila kuambiwa. Anayefikisha 12 kwa urahisi akumbatie kidumu kifuani.

Goti likiuma kidogo wakati wa zoezi, si neno. Kipimo ni kesho asubuhi: likiwa linauma kuliko kawaida yake, umezidisha, rudisha mto mmoja. Misuli ya mapaja kuuma siku ya pili ni kawaida, hasa wiki ya kwanza, na hupita yenyewe.

*Kuinua kidumu kutoka kwenye kigoda.* Weka kidumu juu ya kigoda mbele yako. Sukuma makalio nyuma kama unafunga mlango kwa makalio huku mikono imejaa vyombo. Mgongo unyooke, magoti yapinde kidogo tu. Shika, simama wima ukiwa umekibana karibu na mwili, kirudishe vilevile. Zoezi hili hujenga nyonga na mgongo wa chini, na hilohilo ndilo litakalomwezesha kumbeba mjukuu. Australia walifanya jaribio lililoitwa LIFTMOR kwa wanawake 101 waliokoma hedhi na wenye mifupa myepesi: mara mbili kwa wiki, dakika 30, miezi 8, uzito mkubwa chini ya usimamizi. Walionyanyua, mfupa wao wa kiunoni uliongezeka badala ya kupungua. Usimamizi ndio neno la kushika hapo. Wiki nne za kwanza lazima awepo mtu anayemtazama mgongo.

*Kusukuma ukuta.* Simama urefu wa mkono kutoka ukutani, viganja usawa wa kifua, shuka hadi pua ikaribie ukuta, rudi. Ukizoea, sogeza miguu nyuma, kisha hamia kwenye meza nzito isiyosogea.

*Kuvuta.* Mkono mmoja juu ya kiti, mgongo umelala mbele, mkono wa pili unavuta kidumu hadi kiunoni, kama mtu anayevuta ndoo kisimani. Badilisha upande.

*Kubeba.* Kidumu kila mkono, uzito sawa, tembea hatua 20 kifua mbele, geuka, rudi. Usiweke kichwani, shingo ya mtu mzima haihitaji jaribio hilo. Majirani zetu wanalipenda hili kuliko yote, kwa sababu linafanana na kitu walichokuwa wakikifanya siku zote.

Kuinua visigino na kusimama mguu mmoja tumevitoa kwenye ratiba, vikawa kazi ya jikoni: ukisubiri maji yachemke, shika ukingo wa meza, panda juu ya vidole vya miguu mara 15, kisha simama mguu mmoja sekunde 10 na mwingine 10. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawataka wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu angalau siku mbili, na ya nguvu pamoja na kujisawazisha angalau siku tatu kwa wiki. Kwa chai ya asubuhi na ya jioni utakuwa umepita hapo.

Jambo moja la usalama: usibane pumzi. Kubana pumzi huku unanyanyua hupandisha presha ghafla. Tulihangaika kuwakumbusha "toa pumzi unapoinuka" mpaka tukagundua njia nyepesi: wote wahesabu kwa sauti. Anayehesabu kwa sauti hawezi kubana pumzi. Siku hizi hawahesabu tena, wanaimba.

Acha mara moja ukisikia kifua kubana, kizunguzungu, moyo kwenda mbio bila mpangilio, au udhaifu wa ghafla wa upande mmoja wa mwili. Hilo la mwisho na la kifua ni la kukimbizwa hospitali, si la kupumzika uone.

Hatua ya tano: kikombe kwa kikombe

Hapa ndipo nilipokosea mwanzoni, na kosa langu lilimgharimu jirani mmoja miezi mitatu. Nilimwonea huruma nikamwacha na kidumu chenye lita mbili za maji toka mwezi wake wa kwanza. Alikuja kila siku ya zoezi, hakukosa, na hakubadilika. Alikuwa anapasha mwili moto tu.

Kanuni ni hii. Uzito uwe ule ambao ukifika mara ya 8 hadi 12, unahisi ungeweza kuongeza mbili tu, si zaidi. Ukifikisha 12 katika raundi zote kwa siku mbili mfululizo, ongeza kikombe kimoja cha chai, kama robo lita, yaani robo kilo. Piga mstari kwa kalamu pale maji yalipofika, andika tarehe pembeni. Kidumu kikijaa, hamia cha lita 10 kikiwa nusu.

Mistari hiyo ina kazi kubwa kuliko nilivyodhani. Uzeeni karibu kila kipimo kinashuka: macho, meno, marafiki, usingizi. Mama anayeona mstari wa Aprili uko juu ya mstari wa Machi anashika mkononi kitu kinachopanda. Kidumu cha kwanza cha mama mkubwa, cha njano, kina mistari 11, ya chini imeanza kufutika. Binti mmoja wa nyumba alitaka kukiweka mafuta ya taa, pakazuka ugomvi.

Hatua ya sita: moyo, wenyewe kama wenyewe

Msifanye peke yenu. Wawili ni bora, wanne au watano ni bora zaidi. Upweke wa mwanamke mzima hauonekani, kwa sababu nyumba imejaa watu. Lakini wote wanamhudumia, hakuna anayemhitaji. Kwenye kundi, mwenzio anakusubiri. Usipokuja, hesabu inaharibika.

Wengi wataogopa kusemwa. "Mtu mzima na mazoezi, tutachekwa." Wakumbushe vikundi vya mbio za taratibu vinavyojaa barabara za Dar es Salaam asubuhi za mwisho wa wiki, na akina mama watu wazima wamo. Wakumbushe Unguja, ambako kila Januari 1 vikundi vya mazoezi ya viungo hukusanyika kuufungua mwaka. Na kule Korogocho, Nairobi, mabibi wamejifunza ngumi na mateke ili kujikinga na wanaowavamia. Hakuna anayewacheka.

Acheni muda wa kuzungumza baada ya zoezi, mkiwa bado mmekaa na jasho linakauka. Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na mabibi 14 wa mtaa wa Mbare, Harare. Aliwafundisha kukaa na mgonjwa kwenye benchi na kumsikiliza mpaka wapate pamoja tatizo moja la kuanza nalo. Ugonjwa wenyewe wanauita kwa Kishona *kufungisisa*, kuwaza kupita kiasi, na sisi tunaposema "ana mawazo" tuko palepale. Wagonjwa wakitoka kwenye benchi hukaribishwa kwenye duara ambalo wanawake hufuma mikoba huku wakizungumza. Mpango huo umefika hadi Zanzibar. Nimechukua kwao jambo moja: maneno mazito hutoka kirahisi zaidi mikono ikiwa na kazi. Mama mkubwa hakuwahi kumlilia marehemu mbele yetu miezi yote ya eda. Alimlilia ua wa nyuma, raundi ya pili ya kubeba, vidumu mkononi, akaviweka chini taratibu, tukakaa naye. Siku hiyo hatukumaliza ratiba.

Siku ambayo moyo ni mzito na mama hataki, usimvute, wala usimwache kabisa. Mwambie raundi moja ya kiti, kisha yuko huru. Mara nyingi ataendelea. Asipoendelea, raundi moja imeandikwa.

Mazoezi hayatoshi kila mara. Mama asiyelala wiki mbili, aliyeacha kula, anayezungumza na kujilaumu bila sababu, au anayesema afadhali Mungu amchukue, huyo apelekwe hospitali kwenye kliniki ya afya ya akili wiki hiyohiyo. Akitaja kujidhuru, ni siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake. Sonona ni ugonjwa, una dawa na una watu waliosomea. Anayetumia dawa tayari asiziache kwa sababu kidumu kimemchangamsha. Na msiba mbichi uheshimiwe: kwa mama aliye edani, kuinuka kwenye kiti mara 10 chumbani kwake asubuhi na jioni kunatosha. Laiti ningelijua hilo mapema.

Kwa watoto na wajukuu: acheni kunyang'anya. Hatusemi mama akachote ndoo ya lita 20. Kidumu cha lita 3 kutoka bombani hadi bafuni ni chake. Sufuria ya wali aipue mwenyewe. Akiomba msaada, mpe. Asipoomba, kaa mkono tayari na mdomo kimya.

Chakula kinachojenga

Chai na maandazi asubuhi, ugali na mchicha mchana, chai tena usiku: misuli haijengwi hivyo. Mtu mzima anahitaji gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku, yaani mama wa kilo 60 ni gramu 60 hadi 72. Yai moja lina gramu 6 hivi, kikombe cha maharage yaliyoiva kama 15. Dagaa wakavu ni hazina ya bei nafuu: kwa uzito uleule wana protini nyingi kuliko nyama mbichi, na ukiwala na mifupa yao unapata kalisi, madini yanayojenga mifupa. Meno yakiwa mabovu, dagaa wasagwe, choroko zipondwe, mtindi unywewe. Jambo la kubadilisha kwanza ni asubuhi: mayai mawili au bakuli la kunde badala ya maandazi. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini bila daktari wake.

Kurudi kwenye mkeka

Baada ya wiki 10 au 12, kama kiti kinafanyika bila mikono, mfundishe kuinuka kutoka chini. Weka kiti mbele ya mkeka. Kutoka kukaa, ageuke ubavu, ajisukume hadi apige magoti na viganja vyote viwili. Ashike kiti. Mguu wenye nguvu zaidi aulete mbele, unyayo wote chini. Ainame mbele, asukume kwa mguu ule na mikono, asimame, atulie sekunde chache kabla ya kutembea, maana presha huweza kushuka. Kila wiki kiti kisogezwe mbali kidogo. Hili ndilo linalomfaa pia siku atakayoanguka akiwa peke yake nyumbani, kwa hiyo afundishwe hata anayesali kanisani au asiyekaa chini kamwe.

Mama mkubwa alilipata wiki ya 15. Hakututangazia. Tuliona tu kile kiti cha plastiki kimerudishwa barazani.

Ramadhani, safari na malaria

Mwezi wa Ramadhani fanyeni baada ya futari na tarawehe, raundi mbili, maji ya kidumu yasiongezwe mwezi mzima. Lengo ni kutopoteza. Safarini, kiti na ukuta havikosi mahali popote. Akitoka kwenye homa au malaria, asubiri mpaka ale vizuri siku tatu, kisha mwaga nusu ya maji na uanze raundi moja. Ongeza kikombe kila siku ya zoezi badala ya kusubiri 12, kwa sababu misuli iliyowahi kuwa na nguvu hurudi haraka kuliko ilivyojengwa. Akiufikia mstari wake wa zamani, rudi kwenye kanuni ya kawaida. Kila baada ya wiki 12 rudieni kipimo cha kiti na yale maswali matano, na muandike kwenye ukurasa uleule wa siku ya kwanza.